Mwenye Nyumba Aliyepanga Amplifaya

Ukitaka kuingia kwa Mwenye Nyumba wangu, ilikuwa lazima upite forodhani. Alikuwa amestaafu kazi ya forodha pale Rusumo kabla sijamfahamu, lakini ustaafu huo haukufika mlangoni kwake. Alikaa barazani, miwani imeshuka puani, na kila aliyekuja, awe padri, awe muuza maziwa, aliulizwa swali lile lile: una nini cha kutangaza? Mimi mpangaji wake nikirudi sokoni nilikuwa najiandaa kabisa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Una nini cha kutangaza?"

"Nyanya, dagaa na sabuni."

Basi angeinuka, achungulie kikapuni kweli, afunue kitambaa. "Na vitumbua hivi je? Hukuvitaja." Hapo ujue kimoja kimeshataifishwa. Nilijifunza kununua cha ziada kwa ajili ya serikali.

Mimi ni Msubi wa Biharamulo. Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Ngara mjini miaka ile ya wakimbizi, nikafika na sanduku na godoro, simjui mtu. Watu wa siku hizi ukiwaambia chumba kilikuwa nini wakati ule hawakuelewi. Mji ulijaa wageni wa mashirika na magari yao meupe, na kila mwenye banda la kuku alilipaka chokaa akalipangisha. Walimu wenzangu wawili walirudi kutoka kazini wakakuta vitanda vyao viko nje, kuna mtu analipa kwa dola. Chumba changu kilikuwa uani, chenye sakafu ya saruji na dirisha la kioo. Kilikuwa kinatamanika.

Walikuja kwa Mwenye Nyumba pia. Siku moja nilikuwa ndani nasahihisha madaftari, nikasikia kijana wa gari akimbembeleza.

"Chumba kina mtu," Mwenye Nyumba akasema.

"Mzee, hawa wanalipa vizuri. Hata ukitaka ya mwaka mzima."

"Mimi sijakutajia bei. Nimekuambia kina mtu."

Nililia peke yangu mle ndani, sioni aibu kusema. Sikuwa binti yake, sikuwa wa kabila lake, kodi yangu mara nyingine ilichelewa hadi mshahara ufike, na mshahara nao ulifika ulipojisikia. Na pesa ile aliihitaji. Nilijua aliihitaji kwa ajili ya nini, maana nyumba nzima ilijua.

Alitaka amplifaya.

Sebuleni alikuwa na muziki wake: deki ya kaseti, spika mbili za mbao zinazofika kiunoni, na amplifaya ya zamani iliyokuwa imekufa upande wa kushoto, upande wa kulia ukikoroma. Umeme aligawiwa na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, ambaye jioni aliwasha jenereta yake. Kaseti alikuwa nazo chache, na iliyokuwa na maana ni moja. Ilirekodiwa kanisani, kwenye kigango cha upande wa Kibimba, na ndani yake marehemu mkewe anaimba kwaya. Kwenye wimbo wa sadaka, beti la pili, kwaya yote inanyamaza, mama yule anaimba mstari mmoja peke yake, kisha wenzake wanampokea. Hiyo ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo.

Tena masikio yake yalikuwa yanafunga. Daktari alimweleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, za ndege na za wanawake. Ndege alikwisha kuacha kuwasikia. Kwa amplifaya ile mbovu, kwaya ilisikika kama watu wanaoimba ndani ya gunia, na mkewe alipoingia, yeye aliona kimya tu. "Nataka nimsikie tena kabla mlango haujafungwa," aliniambia. "Nataka nisikie hata anavyovuta pumzi. Alikuwa anavuta pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kukuambia jambo."

Msije mkadhani alikuwa mume wa mfano. Wakati mama yule yuko hai, hakuwahi kwenda kumsikiliza hata mara moja. Alinung'unikia mazoezi ya Jumamosi, alinunia sare ya kwaya, alisema kanisa limemnyang'anya mke wake. Hayo alinisimulia mwenyewe tukichambua maharage. "Nilikuwa nakagua malori," akasema. "Malori yenyewe hata moja silikumbuki." Akaendelea kuchambua. Kwa kweli siku hiyo nilimhurumia nikamkasirikia kwa pamoja.

Alikuwa mchoyo wa sukari, hilo nalo lisemwe. Kopo lilikaa chumbani kwake, na chai yake ilikuwa ya kijiko kimoja, uwe nani. Lakini mgonjwa wa jirani alipelekewa kopo zima na hakuna aliyeruhusiwa kulitaja. Alichukia kelele za muziki wa baa, akaandika barua kwa mtendaji kulalamika, kisha nikamkuta amesimama nyuma ya baa hiyo hiyo, kichwa kimeinama. Nilipomuuliza akasema anachunguza spika zao. Huenda kweli alikuwa anachunguza. Mguu wake lakini ulikuwa unafuata ngoma.

Kuhusu kuchagua amplifaya alikuwa na sheria zake, na alinifundisha zote, nitake nisitake. Ya kwanza: inua. Kabla hujauliza chochote, inua kitu mikononi. Amplifaya ya kweli ina chuma na shaba za kutosha tumboni, na vitu hivyo ni vizito. Ikiwa nyepesi, ujue umeuziwa bati na taa. Ya pili: usikubali kaseti ya muuzaji, maana kila muuzaji ana kaseti inayokipendezesha kitu chake. Nenda na yako unayoijua. Ya tatu ndiyo iliyowashangaza watu. Wenzake wakijaribu muziki walifungulia mpaka bati linatikisika. Yeye alifungua kidogo kabisa, akainama.

"Sauti kubwa hata ng'ombe anayo," alikuwa akisema. "Mimi naangalia inavyosema neno kwa upole. Mashine mbaya ukiipunguza inameza maneno."

Tulikwenda naye Nyakanazi likizo moja, kwa basi, kaseti iko mfuko wa shati. Wakati ule kwenye njia panda pale vibanda vilijaa vitu vya kila aina vilivyoshuka kwenye malori. Kijana mmoja alituwekea amplifaya yenye taa zinazopanda na kushuka, nyekundu na kijani, nzuri hata mimi nikaitamani. Mwenye Nyumba aliiinua kwa mkono mmoja, akairudisha mezani.

"Mzee, hii ina wati elfu. Soma hapa, imeandikwa."

"Mwanangu, hata mimi naweza kujiandika askofu."

Tulikula ndizi na nyama tukapanda basi la kurudi. Njia nzima alikuwa mchangamfu, kana kwamba tumenunua.

Kosa lake kubwa lilikuwa la mzungu. Mzungu mmoja wa shirika alimaliza muda wake akauza vitu vyake uani kwake siku moja asubuhi, na mji mzima ukaenda. Mwenye Nyumba alikuta sanduku jeusi la chuma lenye vifundo vingi vya kuzungusha, vya besi, vya kila kitu. Hakukuwa na umeme wa kujaribia. Alisahau sheria zake, mtu mzima yule. Sanduku lilikuwa jepesi, nami nikaona analiinua na kujifanya hajaona. Tulipofika nyumbani tukaliunga, taa ikawaka, vifundo vikazunguka kwa raha, sauti hakuna.

Kumbe amplifaya ya mzungu ilikuwa ya vipande viwili. Kipande kimoja kina vifundo lakini hakina nguvu. Cha pili kina nguvu lakini hakina kifundo hata kimoja. Na hicho cha pili, kizito hasa, alikinunua mchungaji wa upande wa Kibimba aliyefika asubuhi mapema. Mchungaji naye kwake sauti ilitoka moja tu, kubwa, haipungui, akaunguza spika ya kanisa. Basi wakawa wazee wawili, kila mmoja na nusu yake. Mwenye Nyumba alituma ujumbe kwamba yuko tayari kumpunguzia mchungaji mzigo. Mchungaji akajibu kwamba naye alikuwa anafikiria hivyo hivyo. Hakuna aliyekubali kuuza. Walipokutana msibani walisalimiana kwa heshima kubwa, wakauliziana afya za vyombo vyao. Tangu hapo Mwenye Nyumba akaongeza sheria ya nne: nunua ambayo kila kitu kimo ndani ya sanduku moja, usiwe na mwenzako wa kumtegemea Kibimba.

Ndipo alipokuja Mnyarwanda. Alikuwa mwalimu kwao, mwembamba, anaishi kambini na mkewe na watoto. Alisikia sokoni kuna mzee anatafuta amplifaya, akaja nayo kichwani imefungwa kwa kitenge. Mwenye Nyumba akamuuliza swali lake la siku zote, una nini cha kutangaza, na yule mtu akasimama wima, akashusha mzigo taratibu, akaanza kutafuta karatasi mifukoni. Nadhani alikwisha kuulizwa maswali mengi njiani na watu wenye nguvu. Mwenye Nyumba aliona. Akainuka akampa kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hata padri hakuwahi kufanyiwa.

"Ni yangu, mzee," mgeni akasema. "Mke wangu bado ananilaumu. Wenzetu walibeba maharage, mimi nikabeba hii. Ilikuwa karibu na mlango."

Mwenye Nyumba aliinua. Ilikuwa nzito mpaka akatoa mguno. Haikuwa na taa ila moja ndogo, na vifundo vitatu tu, vimelainika kwa kushikwa. Jenereta ilipowashwa jioni tukaiunga, akatia kaseti, akafungua kidogo kama kawaida yake. Kwaya ikaja, kila mtu mahali pake, wanaume huku, wanawake kule. Beti la pili likafika, wakanyamaza. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nilitazama mlangoni nikidhani kuna mwanamke ameingia. Kisha akaimba ule mstari wake.

Mwenye Nyumba alirudisha kaseti, akasikiliza tena, akarudisha tena. Machozi yalikuwa yanamshuka wala hakuyafuta. Baadaye akamgeukia mgeni akamuuliza anataka nini. Mgeni akataja vitu vidogo mno, mablanketi na chakula cha watoto.

"Siinunui," Mwenye Nyumba akasema.

Mimi nilitaka kumfinya. Mgeni aliangalia chini, akaanza kukunjua kitenge chake ili afunge.

"Subiri, mwalimu mwenzake na huyu mpangaji wangu. Mimi nimekaa darajani Rusumo miaka mingi. Nimeona watu wanavuka na nimeona wanachouza wakivuka. Nimeona cherehani inatolewa kwa mkungu wa ndizi, na aliyeichukua anawashonea wanawe mpaka leo. Sitaki kumsikiliza mke wangu ndani ya kitu cha namna hiyo." Akaigusa amplifaya. "Nitapanga. Nimepangisha maisha yangu yote, sasa na mimi nipange. Wewe ni mwenye amplifaya, mimi mpangaji. Mablanketi uondoke nayo leo. Kila Jumamosi uje uchukue kodi."

Kodi ilikuwa maharage, ndizi na mihogo ya shambani kwake, na maziwa kwa watoto. Hakuchelewesha hata Jumamosi moja. Tena alikuwa mpangaji wa kuudhi kwa uadilifu. Nilipotaka kuihamisha amplifaya nifagie, akanikataza: "Mwenyewe hajaruhusu. Akija Jumamosi tutamuuliza." Na kweli alimuuliza, na yule Mnyarwanda, kwa uso mkavu kabisa, akamjibu kwamba anaruhusu mara hii, lakini isiwe mazoea. Tulicheka siku hiyo sote. Mkewe naye, ambaye alikuja ili aone kitu kilichowanyima maharage njiani sasa kinawaleteaje maharage, alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye aliusikiliza ule wimbo akasema, "Huyu mama alikuwa anaimba akijua kuna mtu hayupo." Wiki hiyo Mwenye Nyumba alipeleka ndizi mara mbili.

Wakati mwingi ulipita hivyo, na masikio yakaendelea kufunga. Alikuwa anapandisha kifundo kidogo kidogo, yeye aliyechukia kelele. Alikuwa akinikalisha karibu yake jioni. "Sikiliza hapo. Umemsikia alivyolegeza neno la mwisho? Amechoka pale. Alikuwa amelima asubuhi." Nilijifunza kusikiliza mtu kwa njia hiyo. Darasani nilianza kutambua mtoto aliyelala na njaa kwa jinsi anavyoitika jina, na hilo sikufundishwa chuoni. Namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa chumba.

Kisha ikatangazwa kwamba Wanyarwanda warudi kwao. Barabara ya Rusumo ilijaa watu kutoka ukingo hadi ukingo, na magodoro, na masufuria, na watoto migongoni. Ile Jumamosi mwenye amplifaya hakutokea kuchukua kodi. Jirani mwenye mashine ya kusaga akaja barazani akamshauri Mwenye Nyumba kwa nia njema.

"Mzee, we kalia kimya. Mtu anakimbizana na watoto wake, chuma atakikumbuka wapi? Na wewe masikio ndiyo hayo."

Mwenye Nyumba alimwomba kitu kimoja tu, awashe jenereta asubuhi ile. Akaweka kaseti. Kwa jinsi masikio yalivyokuwa, bila amplifaya ile hakuna ambacho angesikia tena, na sote watatu tulilijua hilo tukiwa tumekaa pale sebuleni. Akamsikiliza mkewe mara moja, hakurudisha. Akazima, akachomoa nyaya, akaifunga vizuri, akaipandisha kwenye baiskeli. Mimi nikasukuma nyuma.

Tulisimama kando ya barabara siku hiyo na kesho yake, tukitazama nyuso. Tulimwona mke kwanza. Alipotambua mzigo uliopo kwenye baiskeli, alishika kichwa.

"Mzee, chuma hiki tena? Tafadhali tuonee huruma."

Mumewe akaja, mtoto shingoni. Alimtazama Mwenye Nyumba. "Kaa nayo," akasema. "Nimekupa."

"Umenipa kwa sababu umechoka," Mwenye Nyumba akajibu. "Nenda ufike kwako, ukae, ule, ulale. Ukiona bado unataka kunipa, daraja unalijua. Mimi mpangaji nahama, narudisha mali ya mwenyewe."

Wakabishana hapo njiani, watu wanawapita. Mwisho tukaisukuma ile baiskeli pamoja nao hadi mpakani. Yule mtu akaiweka kichwani, mkewe akaguna, na Mwenye Nyumba akawapa mkono wote, hadi mtoto. Hatukuwaona tena wala hatukupata habari zao. Tukiwa tunarudi nilimuuliza kama anajuta.

"Ninajuta Jumamosi za mazoezi," akasema. "Hii sijutii."

Baadaye nilihamishiwa kwetu Biharamulo, nikaolewa, nikazaa, nikawa mwalimu mkuu. Nilimtumia salamu kwa kila aliyekwenda Ngara, naye alinirudishia salamu na swali lake la forodha. Miaka ikaenda. Nilipopata nafasi ya kufika Mwanza nikiwa na akiba yangu mwenyewe, nilikwenda maduka ya vitu vilivyotumika na kaseti yangu mkobani. Niliinua amplifaya hadi mikono ikaniuma. Vijana walinicheka, mama mzima anainama kwenye spika iliyofunguliwa kidogo. Nilipata moja: nzito, kila kitu ndani ya sanduku moja, isiyomeza maneno. Niliipakata ndani ya basi hadi Nyakanazi, na kutoka Nyakanazi hadi Ngara.

Nilimkuta barazani. Nilimwamkia, akatazama midomo yangu, akaitika marahaba kwa sauti kubwa mno. Binti wa nduguye aliyekuwa anamtunza akaniambia polepole, kama anayeomba radhi, kwamba Babu hasikii kabisa sasa, hata radi. Imepita zaidi ya mwaka.

Nilisimama na ule mzigo mikononi nikashindwa niuweke wapi. Nilikuwa nimechelewa. Yeye akauona, akaupokea, akauinua. Akatoa mguno. Akaugeuza, akavizungusha vifundo kimoja kimoja, akanitazama.

"Umechagua vizuri," akasema.

Alituongoza sebuleni, akaunga nyaya mwenyewe, akaleta kaseti kutoka chumbani kwake. Akanionyesha nikae kwenye kiti cha mbele ya spika. Cha kwake akakigeuza, akakaa akinitazama mimi. Nilifungua kidogo. Kwaya ikaja, kila mtu mahali pake. Beti la pili likafika, wakanyamaza, na yule mama akavuta pumzi.

"Ameingia," Mwenye Nyumba akasema.

Niliitikia kwa kichwa, nalia. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha, usizime," akasema. "Namsikia kwako."